Mbuzi Aliyenizaa Kiritiri

Mama yangu aliniruhusu kwenda kuhubiri Mbeere kwa sharti moja. Siku atakayosikia nimeugua, ugonjwa wa kulazwa, si mafua ya kupiga chafya, angekuja mwenyewe kunichukua, na nisingerudi tena. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, sikuwa nimelala hospitali hata siku moja, na nilijiona nimempiga chenga. Mama hakutabasamu. Alikuwa mwanamke wa neno moja, na Ruiri nzima, huko kwetu Meru, ilijua kwamba akishasema jambo kuhusu ng'ombe, shamba au mtoto, limeisha.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kanisa letu lilikuwa na tawi changa nje kidogo ya Kiritiri, huko chini kwenye ukame, na tawi hilo halikuwa na bahati na wahubiri. Kijana wa kwanza tuliyemtuma alirudi kabla ya mvua akisema maji ya huko yana chumvi. Wa pili alirudi na mke. Ndipo mchungaji akasimama ibadani na kutangaza kwamba safari hii atapelekwa msichana, peke yake, akanitaja mimi niliyekuwa nimetoka shule ya Biblia juzi tu. Wazee wawili watatu wa kanisa walicheka chini chini. Niliwaona. Nikaamua papo hapo kwamba nitaimaliza miaka yangu miwili huko hata kama nitakunywa chumvi yenyewe.

Kiritiri haikuwa mahali pa msichana wa Ruiri, hilo nalikubali. Kwetu asubuhi unatoka na sweta kwenda kukamua, na mlima uko pale juu unakutazama na barafu yake. Huko nilikuta joto linalonisubiri mlangoni, magunia ya makaa yamepangwa kando ya barabara, mbuzi kila mahali, na malori ya mchanga yakipanda kutoka mtoni na kuacha vumbi lililoingia hadi kwenye sanduku la nguo. Chakula kilikuwa pojo, zile dengu ndogo za kijani, mtama na kunde, na kwa kweli nilivipenda upesi. Kimeru changu na Kimbeere chao vilisikilizana kama ndugu walionuniana: unaelewa, ila lazima utege sikio. Kanisani tulikutana kwenye Kiswahili, kila mtu na makosa yake.

Nilipewa chumba katika boma la mjane mmoja. Hakuwa na mtoto. Aliolewa akiwa msichana, akakaa miaka mingi bila kuzaa, kisha mume akafariki, na watu wa pale walimwita tu mke wa marehemu, hata mbele yake. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita mbuzi ng'ambo ya bonde, na mbuzi wake aliwasemesha kwa adabu kuliko alivyotusemesha sisi. Nilimwita mama, kama unavyomwita mwanamke yeyote wa umri ule. Yeye aliniita mwinjilisti.

Jioni nilikuwa nikifundisha wanawake kusoma, na mjane huyo ndiye aliyenisumbua kuliko wote. Kila tulipofika mahali ambapo watu wamesafiri, aliweka kidole juu ya neno ili lisimkimbie, akauliza watu hao wamekula nini njiani. Nikimwambia haikuandikwa, alinung'unika kwamba aliyeandika lazima alikuwa mwanamume. Lakini siku aliyosoma mstari mzima bila kusaidiwa, alikibeba kitabu hadi zizini akaurudia mbele ya mbuzi, kwa sauti, wakimtazama. Baada ya siku ile hakuna mtu angenirudisha Ruiri kwa hiari yangu.

Maumivu yalinikuta Jumapili asubuhi, hapa kwenye kitovu, nikadhani ni gesi. Sikunywa uji. Nikaenda kanisani, nikasimama nyuma ya ile meza tuliyoifanya mimbari, nikaanza kuhubiri. Kabla sijafika nusu, maumivu yalikuwa yameshuka upande wa kulia na kukaa hapo kama msumari. Nilishika meza kwa mikono miwili, nikaruka sehemu yote iliyobaki, nikasema amina. Shemasi alinishika mkono mlangoni akaniambia hayo ndiyo mahubiri mazuri kuliko yote niliyowahi kuyatoa pale, na waumini waliokuwa nyuma yake wakaafiki. Nilikuwa mgonjwa, lakini bado nilipata nguvu ya kuudhika.

Nilirudi chumbani nikalala nimejikunja. Kufa hakukunijia akilini. Niliyemwogopa ni mama. Mjane alipoingia kuniuliza kulikoni, nilimweleza lile sharti la Ruiri kwa mara ya kwanza, nikamsihi asimwambie mtu yeyote kwamba nimelala, kwa sababu habari za kanisa husafiri haraka kuliko lori. Alinisikiliza amesimama. Aliniambia nilale, akatoka.

Bila shaka kufikia jioni kila mtu alikuwa amekuja kunitazama. Mmoja alisema ni maji ya kisima. Mwingine alisema ni amiba, akanisimulia ya kwake yote. Mjane aliwasikiliza, halafu akatoa uamuzi wake, na huo ndio uliopita. Watu wa Mbeere, mgeni wa kutoka nyanda za juu akishikwa na tumbo, wanajua shida yake ni nini: amezoea maziwa na mafuta, na sasa tumbo lake linalia kwa ukavu wa pojo. Dawa ni moja. Mgeni huchinjiwa mbuzi akanyweshwa supu yenye mizizi michungu, na anainywa, apende asipende, kwa kuwa hakuna adabu ya kukataa mnyama aliyekwisha kuchinjwa.

Jumatatu kulipokucha nilimsikia zizini akichagua. Kule mwanamke hachinji, kwa hiyo alikuwa amemwita shemeji yake, ndugu wa marehemu, mzee mwenye maneno machache. Ukuta wa chumba changu ulikuwa wa udongo na mwembamba, nikasikia yote. Mzee aliuliza swali ambalo mchinjaji yeyote wa kule huuliza kabla ya kushika kisu, kwamba mnyama huyu ni wa nani.

"Ni ya mtoto wangu," mjane akasema.

Mzee alijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba shemeji yake hana mtoto. Akauliza tena, polepole, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango wa kurudi nyuma.

"Nimesema ni ya mtoto wangu. Amelala mle ndani. Chinja."

Nilielewa, na nilielewa vizuri mno, kwa kuwa hata kwetu Meru nyanya zetu walikuwa na desturi hiyo hiyo. Mtu asiye wa ukoo, awe mgeni, mateka au yatima aliyeokotwa njiani, huweza kuzaliwa upya katika nyumba fulani kwa mbuzi jike ambaye hajawahi kuzaa. Akishakula nyama yake na kuvishwa kipande cha ngozi yake, ni mtoto wa pale, na hakuna wa kumuuliza ametoka wapi. Kanisa letu lilipiga marufuku mambo hayo zamani. Mimi mwenyewe, majuma machache nyuma, nilikuwa nimehubiri kwa sauti ya juu kwamba Mkristo havai ngozi za namna hiyo, na mjane alikuwa benchi la mbele akiitikia kwa kichwa kukubaliana nami.

Mzee aliinama mlangoni, akaingia, akanivisha mkono wa kulia ukanda mwembamba wa ngozi ambao bado ulikuwa na manyoya na joto. Alisema maneno machache ya Kimbeere cha zamani, akatoka. Nilimtazama mjane. Akaniambia hii ni supu tu, si dini, ninywe. Nilikunywa bakuli zima. Ilikuwa chungu kama shubiri, imeelea mafuta, na nisingeweza kukataa hata kama mchungaji mkuu angekuwa amesimama pale.

Supu haikusaidia kitu. Jua lilipopanda nilikuwa nikitetemeka kwa homa, mguu wa kulia siwezi kuunyoosha. Mjane aliketi kando yangu, akaweka kiganja chake pale panapouma, akabonyeza taratibu, kisha akakiondoa ghafla. Nilipiga yowe lililowatoa kuku uani. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona ameogopa.

"Hii si tumbo ya supu," akasema. "Simama tuende."

Gari lililokuwa karibu ni lori la mchanga, lililokuwa likijazwa mtoni tayari kwenda Embu. Dereva wake nilimjua kwa matusi. Alikuwa akipita nje ya kanisa letu akimtukana kila punda aliyekuwa njiani, nami nilikuwa nimeshamsemesha kuhusu ulimi wake. Aliponiona nimejikunja alifungua mlango wa mbele bila kuulizwa. Vijana wa koleo ndio waliokataa. Walisema huko mbele lori linarusha, nitapasuka kabla ya kufika lami, mahali pazuri pa kumbeba mtu ni juu ya mzigo. Wakapanda, wakachimba shimo la urefu wangu kwenye mchanga mbichi, wakatandika magunia.

Nilipanda lori lile kwa miguu yangu. Mjane alikuwa nyuma akinisukuma, sikatai, na kijana mmoja alikuwa juu akinivuta, lakini miguu ilikuwa yangu, na kila ninaposimulia safari hii sikosi kulitaja hilo. Nililala kwenye ule mchanga wenye ubaridi wa mto, nao ukanishika kila upande. Vijana wawili walisimama wameshikilia gunia juu ya uso wangu kunizuia jua. Dereva aliendesha taratibu mpaka malori mengine ya mchanga yakatupita yakipiga honi, na sikumsikia akitukana hata mara moja hadi Embu. Mjane alikaa kichwani kwangu, amebana chupa kubwa ya chai kwapani. Nilidhani ni maji.

Hospitalini tulipokewa na daktari kijana, mtu wa Kibugu, huko juu kwenye majani chai. Alinibonyeza mahali pale pale alipobonyeza mjane, akaona nilivyoruka, akasema ni kidole tumbo, kimevimba vibaya na lazima kitoke leo. Kisha akauliza nimekula nini tangu asubuhi. Kabla sijafungua mdomo, mjane aliinua ile chupa ya chai kwa fahari.

"Supu ya mbuzi. Iko ingine hapa, daktari, kama unataka."

Daktari alifunga macho. Akatueleza, akijizuia sana, kwamba mtu wa kupasuliwa hatakiwi kuwa na kitu tumboni, kwamba sasa itabidi kusubiri mpaka hiyo supu ishuke, na kwamba tukisubiri sana kile kidole kinaweza kupasuka chenyewe ndani na hapo yatakuwa mambo mengine. Aliyoyasema kwa Kiswahili cha upole aliyarudia kwa Kiembu ili mjane asikose neno. Nilimwona mjane akiiteremsha chupa taratibu na kuificha nyuma ya kanga yake. Moyo uliniuma kuliko tumbo.

Halafu daktari akaulizia jamaa wa mgonjwa. Alitaka mtu wa ukoo wangu wa kukubali nipasuliwe na wa kukaa nami. Nilimwambia mimi ni mtu mzima, nitajisemea. Akajibu kwamba mtu mwenye homa kama yangu hajisemei, na akamgeukia mjane.

"Wewe ni nani wake?"

"Mama yake."

"Mama, kadi inasema huyu ametoka Ruiri, Meru. Wewe ni Mmbeere."

"Nimemchinjia mbuzi asubuhi ya leo," mjane akasema, na ile sauti ya kuita mbuzi ng'ambo ya bonde ikajaa chumba kizima. "Kama si mtoto wangu, mbuzi yangu imeenda wapi?"

Kila mtu katika foleni alitugeukia. Daktari alitazama mkono wangu, akauona ule ukanda wa ngozi, na uso wake ukabadilika. Siku chache baadaye aliniambia kwamba kwao Kibugu babu yake mwenyewe alizaliwa hivyo hivyo, aliletwa na njaa kutoka mahali ambapo hakuna anayepakumbuka, na leo hakuna ukoo unaoheshimika pale kama wao. Wakati ule hakusema yote hayo. Alisema tu, "Sawa, mama. Kaa na mtoto wako." Nilikuwa nimelala kwenye benchi, nanuka jasho na mafuta ya mbuzi, na nilijaa fahari hata nikasahau kwamba mimi ni mwinjilisti ninayepaswa kupinga mambo haya.

Tulingoja mchana wote. Walinilaza wodini, kitanda cha dirishani, na sista aliyekuja kunitayarisha alitaka kukata ule ukanda. Mjane alimzuia mkono. Wakakubaliana uzungushiwe bendeji. Kila maumivu yalipopanda nilidhani kile kidole ndiyo kinapasuka sasa. Wanawake wa vitanda vya jirani waliposikia mimi ni mhubiri, mmoja aliniomba nimwombee, na wa pili naye akaomba, na wa tatu. Nikawaombea wote nikiwa nimelala chali, meno yamekutana, nikivuta pumzi kati ya jina na jina. Nimehubiri mahali pengi tangu hapo, penye vipaza sauti na viti vya plastiki. Sijawahi kufanya kazi yangu vizuri kama mchana ule.

Karibu jioni niliona mchungaji wetu wa Embu mlangoni, na nikajua nimekwisha. Mjane ndiye aliyekuwa amemtuma mtu kumwita. Alikuwa ameshamwomba apige simu kwenye ofisi ya kanisa mjini Meru, na kutoka hapo habari zingepanda Ruiri na gari la maziwa. Nilimkasirikia sana. Nilimwambia anajua kabisa sharti la mama, anajua mama akija nimeondoka, na darasa limekufa, na yeye mwenyewe atabaki na mbuzi wake. Alinipangusa uso kwanza.

"Nimekuzaa," akasema. "Sijakuiba."

Muda mfupi baadaye walikuja kunichukua, na alitembea kando ya kile kitanda cha magurudumu mpaka mlango wa chumba cha upasuaji ulipofungwa usoni mwake. Daktari alinionyesha kilichotoka nilipozinduka vizuri kesho yake. Alisema kingengoja kidogo tu zaidi, tusingekuwa tunaongea.

Mama alifika Jumatano, amevaa kitambaa cheupe cha chama cha akina mama, ana kikapu cha ndizi na kibuyu cha maziwa, na ana mfuko mkubwa mtupu. Mfuko ule niliuelewa. Ulikuwa wa kubebea vitu vyangu. Alinishika shavu, akanitazama macho, akanitazama ulimi, akaridhika kwamba niko hai, kisha akamsalimu mjane kwa ile adabu ya juu juu ambayo kwetu hutumika kwa watu wa kesi. Wakati wote huo mjane alikuwa amesimama, kiti akimwachia.

Bendeji ya mkononi haikumpita mama. Aliuliza nimeumia wapi tena. Kabla sijatunga jibu aliinua ukingo wake kwa kidole, akaona manyoya. Mama yangu, mwenyekiti wa chama cha akina mama, aliyewahi kumfukuza mpwa wake jikoni kwa kuja na hirizi.

"Nani alikuvisha?"

Nilimwonyesha kwa macho. Nilidhani atapasua wodi. Badala yake alimgeukia mjane akaanza kumuuliza maswali kwa Kimeru, na mjane akawa anajibu kwa Kimbeere, wote wakisema polepole waelewane. Alikuwa mbuzi jike? Alikuwa jike. Alikuwa amezaa? Hajazaa. Alinunuliwa au alizaliwa bomani? Alizaliwa bomani, mikononi mwangu. Nani alichinja? Ndugu wa mume wangu, mkubwa wao. Mama aliuliza kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari, na lilipokwisha swali la mwisho, alikaa kitako kitandani pangu, akaurudisha ukingo wa bendeji mahali pake.

Lakini neno lake halikubadilika. Aliniambia Ijumaa nikitolewa tunaenda nyumbani, kitanda kimeshatandikwa. Nilimweleza kuhusu darasa, nikamweleza kuhusu mke wa marehemu na mstari aliousomea mbuzi. Nilimwambia nimebakiza nusu ya muda wangu na sitaki kuwa wa tatu kurudi. Alisema nilikubali sharti nikiwa na akili zangu. Mjane alisikia yote, akaendelea kukunja shuka.

Sijawahi kuoshwa kama nilivyooshwa siku mbili hizo. Wanawake wale hawakugombana hata kidogo, na ndiyo shida. Mmoja akichukua beseni, mwenzake ameshachukua sabuni. Mama akininywesha maziwa ya Ruiri, mjane ananong'ona kwamba kwa kidonda uji wa mtama ni bora, na mama anamwambia asante, ataukumbuka. Usiku walilala chini kwenye kanga, kila mmoja upande wake wa kitanda changu. Nilikuwa katikati na sikuthubutu kusema ninasikia kiu, maana wangeamka wote.

Ijumaa sista alikuja na sinia yake ya pamba na dawa. Alikuwa na haraka. Alisema kidonda kitahitaji kufungwa upya kila siku nyumbani, na atamwonyesha mtu mmoja tu, yule atakayeishi na mimi, kwa sababu akiwaonyesha wawili kila mmoja atamtegemea mwenzake. Akatazama wodi.

"Mama ya huyu wa dirishani ni nani?"

Wote wawili walisimama.

Mjane aliona mama amesimama, akaanza kujishusha tena kwenye benchi, mikono kwenye magoti, na hapo nilijua kwamba mambo yamekwisha, nikageuzia uso dirishani. Nikamsikia mama akimwambia asikae.

Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mimi ndiye wa kwanza. Tangu nizaliwe, sokoni, kanisani, kisimani, jina langu lilikuwa ndilo jina la mama yangu, na lile alilopewa na wazazi wake halikukumbukwa tena na mtu. Nilipogeuka, alikuwa ameushika ule mfuko mtupu, anamnyooshea mjane.

"Utaweka dawa humu," akasema. "Na usimwache abebe maji mpaka apone." Kisha akamwita kwa jina hilo, mama fulani, akanitaja mimi, waziwazi, wodi nzima ikisikia. "Nenda uonyeshwe."

Mama yangu akakaa chini.

Mke wa marehemu alibaki amesimama kidogo, kama mtu anayesikiliza kama kweli ni yeye anayeitwa. Halafu akaitika, akapokea mfuko, akamfuata sista.